Jengo limeiga kichuguu, au limeigwa?

SWALI: Ninasomea usanifu majengo. Katika ripoti yangu kuhusu Eastgate, jengo lililoko Harare, Zimbabwe, niliandika: "Jengo la Eastgate limeigwa kutoka kwa kichuguu cha michwa." Mwalimu alilikata neno "limeigwa" kwa wino mwekundu, bila maelezo. Mwenzangu ananishauri niandike "limeigiza". Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Mtoto akiiga mwendo wa babu yake, anayeigwa ni babu. Hapa kilichoigwa ni kichuguu. Ukisema Eastgate "limeigwa", msomaji ataelewa kwamba kuna watu waliofika Harare, wakalitazama, wakaenda kujenga la kwao linalofanana nalo. Hilo "kutoka kwa" haliiokoi sentensi. Kitu huigwa moja kwa moja.

"Limeigiza" nalo siliafiki. Limetokana na "iga", ni kweli, lakini siku hizi ukilitamka watu wanaona jukwaa na mwigizaji.

Andika "limejengwa kwa kuiga kichuguu". Ila ningekuomba usiishie hapo, maana "kichuguu" peke yake humfanya msomaji afikirie umbo. Anayepita mbele ya Eastgate haoni kichuguu. Anaona jengo la zege na matofali, lenye safu za dohani juu ya paa. Alichokiiga msanifu wake, Mick Pearce, katika jengo hilo lililokamilika mwaka 1996, ni upitishaji wa hewa kama alivyouelewa kwenye kichuguu. Usiku feni huvuta ndani hewa ya baridi na zege likapoa. Mchana zege hilo hupooza hewa inayoingia ofisini, na hewa iliyopata joto hupanda ikatokea kwenye dohani. Ndiyo maana jengo halikuhitaji mitambo ya viyoyozi tuliyoizoea kwenye maghorofa.

Kwa hiyo sentensi ninayoipenda ni hii: "Eastgate limejengwa kwa kuiga namna kichuguu kinavyopitisha hewa." Imerefuka, lakini inataja hasa kilichoigwa, na ndiko uzuri wa kazi ile uliko. Ukisema "mithili ya kichuguu" umeufunika wote.

Na hao "michwa" wako wawe mchwa: mchwa mmoja anatambaa, mchwa elfu wanajenga.