Kabla ya kuupigia kura mkakati wa ukuaji, hesabu hisa

Mara ya kwanza nilipopiga kura kama mwanahisa wa kampuni ya michezo ya mtandaoni, nilisema ndiyo kwa kila kitu. Bodi iliomba kibali cha kutoa hisa mpya ili inunue studio tatu, yaani kampuni zinazotengeneza michezo, kwa mpigo. Karatasi zilijaa michoro ya mistari inayopanda, nami nikaiamini. Miaka miwili baadaye mapato yalikuwa yamepanda kwa asilimia 40, lakini bei ya hisa ilikuwa imeshuka karibu nusu.

Nililaumu soko kwa muda mrefu. Kisha usiku mmoja nikaketi na ripoti ya mwaka na kikokotoo, nikafungua maelezo ya nyuma kabisa, yale ya maandishi madogo, nikatafuta idadi ya hisa. Zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 55. Nikaandika pembeni mwa ukurasa: 1.40 gawanya kwa 1.55. Jibu, 0.90. Kampuni ilikuwa imenenepa huku kila hisa ikikonda kwa asilimia 10, na kibali nilikuwa nimekitoa mwenyewe.

Kwa hiyo, bodi ikikuletea mkakati wa ukuaji, uliza kwanza: kinachokua ni kampuni, au ni hisa moja moja? Chukua mapato na fedha taslimu iliyobaki baada ya matumizi, uvigawe kwa idadi ya hisa, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka mitano. Usitosheke na faida "iliyorekebishwa". Mara nyingi huwa wameondoa humo gharama za kununua studio na hisa wanazopewa wafanyakazi, na hizo hisa za wafanyakazi zinapunguza fungu lako wewe.

Sisemi kununua studio ni kosa. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Tencent, kampuni ya Uchina, lilikubali kulipa dola bilioni 8.6 kwa takriban asilimia 84 ya Supercell, studio ya Ufini, na waliojenga michezo yake wakaachwa waendelee kuijenga kule kule. Zynga, kampuni ya michezo ya Marekani, kwa upande wake, iliinunua studio ya OMGPOP Machi 2012 kwa karibu dola milioni 180, wakati mchezo wake wa kuchora ulikuwa kwenye kila simu. Wachezaji wakaondoka haraka, na mwaka 2013 ofisi ile ikafungwa. Embracer ya Uswidi ilinunua studio moja baada ya nyingine, hadi Mei 2023 ilipotangaza kwamba mkataba wa zaidi ya dola bilioni 2 umevunjika. Hisa zake zilianguka siku hiyo hiyo, kisha zikafuata kufunga studio na kuuza nyingine. Ukisoma mkakati, tafuta mahali wanapoeleza watafanya nini endapo fedha wanazozitegemea hazitakuja. Pakikosekana, piga kura ya hapana.

Hesabu za fedha, hata hivyo, huchelewa. Wachezaji ndio hutangulia. Idadi ya waliopakua inanisaidia kidogo sana, kwa sababu upakuaji hununuliwa kwa matangazo. Nataka kujua waliorudi: kati ya waliopakua leo, wangapi bado wanacheza baada ya siku 30? Kampuni nyingi hazitangazi, basi mimi hupakua mchezo mwenyewe. Wiki ya kwanza ya mchezo mmoja ambao bodi yetu iliusifu sana, nilipata mpinzani ndani ya sekunde kumi. Wiki ya sita, saa zile zile za jioni, nilikaa dakika nne nikitazama duara likizunguka. Ripoti iliyoeleza kudorora kwake ilitoka miezi mitano baadaye.

Fedha nyingi haziokoi mchezo usio na watu. Concord, mchezo wa Sony, ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na ikazimwa tarehe 6 Septemba.

Jingine linalonigusa ni ukuaji unaotokana na wachezaji wachache wanaotumia fedha nyingi mno, hasa kwa masanduku ya bahati, ambayo mchezaji huyalipia bila kujua kilichomo ndani. Ubelgiji iliyatangaza kuwa kamari mwaka 2018. Mapato ya namna hiyo serikali inaweza kuyafuta kwa tangazo moja, na kabla ya hapo kuna familia zimeshaumia. Mimi sitaki faida hiyo, na nimewaandikia wakurugenzi hivyo.

Waandikie na wewe. Tuma swali mapema, kabla ya mkutano mkuu, lenye tarakimu moja unayoitaka. Swali la "mnaonaje mustakabali?" hujibiwa kwa hotuba. Mimi niliomba jedwali la mapato kwa kila hisa. Mwaka wa kwanza nilijibiwa kwa mistari miwili ya shukrani. Nikauliza tena, na wanahisa wengine wakauliza. Ripoti iliyofuata ilikuwa na jedwali hilo, ukurasa wa nne.

Hisa zangu bado ninazo. Kura ya mwaka huu sijaipiga, nasubiri jibu la swali la siku 30.