Chenso ya Babu: Majibu ya Maswali Yenu

Niliandika hapa juzi kwamba chenso kongwe (misumeno ya cheni ya injini) hazifi, huuawa, na wauaji wengi tuna spana mkononi. Meseji zimekuja nyingi. Nimechagua saba, nyingine nimezifupisha. Waliouliza bei ya mashine yangu nawajibu hapahapa: haiuzwi.

Shikamoo fundi. Babu ameniachia Stihl 070. Imelala stoo tangu 2011, kamba inavutika kwa shida. Kijana wa hapa mjini anasema nimpe laki tatu anunue pistoni, silinda na kabureta, abadilishe vyote. Nianzie wapi? (Msomaji, Makambako)

Marahaba. Anza kwa kuiacha hiyo kamba. Mashine iliyolala zaidi ya miaka kumi inaweza kuwa na kutu kwenye beringi, au ringi zimegandana na pistoni, na kila ukivuta kwa hasira unaikwangua silinda ambayo pengine ilikuwa nzima.

Fungua plagi. Fungua na ekzosi, kisha mulika tochi kwenye tundu la moshi huku ukizungusha flaiwili (gurudumu zito la ubavuni mwa injini) kwa mkono, pole pole. Utaiona pistoni ubavuni na ringi zake. Ikiwa laini, furahi. Ikiwa ina mifereji iliyochimbika kutoka juu kwenda chini, hapo ndipo tuzungumze habari za pistoni. Na kama haizunguki kabisa, mimina kijiko kimoja cha oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) kwenye tundu la plagi, ilale usiku kucha, ujaribu tena asubuhi. Nimeshaona mashine iliyohukumiwa kufa ikaachia siku ya tatu.

Kisha tangi. Petroli iliyozeeka hunuka kama vanishi na huacha utando wa kahawia. Mwaga, suuza, toa filta iliyo ndani ya tangi, na ukunje mpira wa mafuta kwa vidole: ukipasuka au ukiwa mgumu kama waya, tupa. Kabureta yenyewe usiitupe. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha mpira kinachosukumwa na pumzi ya injini kuvuta mafuta, na ndicho kinachoifanya chenso ifanye kazi hata ukiilaza ubavu au kuipindua. Kikilala miaka mingi kinakauka. Kiguse: kikitoa mlio wa karatasi ya biskuti, kimekwisha. Seti ya viwambo na gasketi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kabureta nzima, na ile kabureta ya zamani mara nyingi ina chuma bora kuliko mpya utakayouziwa.

Mwisho pima mgandamizo. Rudisha plagi, hakikisha swichi imezimwa, shika mpini wa kamba uiache mashine ining'inie. Ikiporomoka hadi chini bila kusita, pumzi haipo. Ikishuka kwa vituo, inasita halafu inateremka, iko hai. Mimi nina geji: nikisoma psi 120 (kipimo cha presha) kwenda juu natulia. Chini ya 100 naanza kutafuta sababu.

Huyo kijana hajafungua hata plagi na ameshajua vifaa vya kununua. Mpe chai, laki tatu kaa nayo.

Fundi habari za kazi. Nina Stihl 051, pistoni nimebadilisha mara mbili mwaka huu na zote zimenoki (zimeshika ndani ya silinda) ndani ya siku chache. Je, nauziwa feki? (Msomaji, Mafinga)

Inawezekana, lakini mimi ningeacha kulaumu pistoni. Injini ikinoki mara mbili kwa namna moja, kuna kitu nje ya silinda kinachoiua.

Nikuambie aibu yangu. Miaka ya nyuma mteja mmoja niliwahi kumfungia pistoni tatu mfululizo kwenye mashine moja. Ya kwanza nikasema mafuta yake mabaya. Ya pili nikasema duka limetuuzia feki. Ya tatu alipoileta hakusema neno, aliiweka mezani akakaa. Ndipo nikatoa flaiwili na kukuta sili ya krenki nyuma yake imekakamaa, mdomo wake haugusi tena shafti. Injini ilikuwa inavuta hewa pale. Hewa ikizidi, petroli inakuwa haba. Na oili imo ndani ya petroli, hivyo vinapungua vyote viwili kwa mpigo. Joto linapanda, pistoni inavimba, inashika ukuta. Pistoni ya tatu nilimlipia mimi.

Dalili zake zipo ukizijua. Ukiachia mafuta, mashine inachelewa kushuka, inaendelea kulia juu kwa sekunde kadhaa. Sailensa, yaani mngurumo wa injini ikiwa haifanyi kazi, haikai mahali pamoja. Ukiilaza upande huu inapanda, upande ule inashuka. Usipoziona hizo usiridhike, pima. Toa ekzosi na kabureta, ziba matundu yote mawili kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ukivibana na boliti zilezile, acha njia moja ya kupitisha hewa. Mimi napuliza kwa mpira na geji ya mashine ya kupimia presha ya damu. Nesi mmoja alinipa iliyokuwa imetupwa na mpaka leo sijapata kifaa bora. Geji ile huishia milimita 300 za zebaki, sawa na kama bar 0.4, inatosha. Paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili, chini ya silinda, na pale mpira wa kabureta unapoingia. Povu likitoka mapovu mapya, umempata mwizi. Kuna sili nyingine hukaza ukipuliza na kuachia ukinyonya, kwa hiyo fanya na kinyume chake.

Mpaka upime hivyo, usinunue pistoni ya tatu.

Oili kiasi gani kwenye petroli? Huku kila mtu na kifuniko chake cha chupa. (Msomaji, Njombe)

Kifuniko si kipimo. Kwa mashine hizi kongwe natumia 1 kwa 25: mililita 200 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli. Ukipata oili halisi ya daraja la juu inayoruhusiwa 1 kwa 50, ni mililita 100 kwa lita hizo 5, na mashine itaishi. Oili ya injini ya gari usitie kabisa, haikutengenezwa kuungua. Oili chafu ya gereji nayo, ambayo wengi wanaiweka kwenye tangi la cheni, imejaa vumbi la chuma. Inakula pampu na inakurukia ngozini siku nzima.

Ukibadilisha kipimo cha oili, rekebisha na skrubu ya H (ya mafuta ya mwendo wa kasi, kwenye kabureta). Oili ikiongezeka, petroli inayopita kwenye tundu lilelile imepungua kidogo.

Moto umekata. Fundi mmoja anataka kutoa platini (midomo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) aweke moduli ya kielektroniki. Nimkubalie? (Msomaji, Mbeya)

Moduli si dhambi, nimeshafunga kadhaa. Ila mara nyingi platini haijafa, imechafuka. Mashine ikilala, midomo ya platini hupata ukungu mwembamba ambao macho hayauoni na umeme hauvuki. Toa flaiwili kwa kivutio chake, usiigonge kwa nyundo. Pitisha msasa laini kabisa katikati ya midomo, halafu karatasi safi iliyolowa petroli ili kutoa vumbi la msasa. Seti uwazi uwe milimita 0.4 platini ikiwa imefunguka mwisho, plagi milimita 0.5. Cheche zikiwa za njano na midomo ya platini inaungua upesi, badilisha kondensa. Angalia pia waya wa swichi: nusu ya koili nilizoletewa kama mbovu, waya wa kuzimia ulikuwa umechunika unagusa bodi.

Silinda imechubuka. Kuna jamaa anabori silinda za pikipiki, nimpelekee? (Msomaji, Songea)

Silinda ya pikipiki nyingi ina sleeve (bomba la ndani) ya chuma, ndiyo maana inaborika. Ya chenso hizi ni alumini iliyopakwa tabaka jembamba na gumu sana, kwa kawaida kromu. Ukibori umelitoa tabaka, na pistoni ya alumini itasugua alumini tupu. Haitamaliza gogo la kwanza.

Lakini angalia vizuri kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi unachokiona si mchubuko wa silinda, ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikanata ukutani. Hiyo hutoka. Kostiki soda ya watengeneza sabuni huila alumini na kuiacha kromu. Vaa glovu na miwani, tumia kijiti chenye pamba, gusa alama tu, mbali kabisa na matundu ya hewa maana kuta za hapo ni alumini tupu nazo zitaliwa. Zikiacha kutoa mapovu, osha kwa maji mengi, malizia kwa msasa wa mkono namba 320. Ukipitisha ukucha usikwame, silinda imepona. Ukikwama, au ukiona rangi mbili na tabaka limebanduka pembezoni mwa tundu, basi kweli imekwenda, nunua nyingine.

Asidi ya betri si mbadala. Na asidi yoyote, hata siki, isiguse bodi ya mashine: nyingi ni magnesiamu na huliwa ukiangalia.

Ukinunua silinda ya kuiga, na 070 ni miongoni mwa zinazoigwa sana, pitisha kidole kwenye kingo za matundu. Zikiwa kali kama wembe zitakata ringi. Zilainishe, osha vumbi lote, ndipo ufunge. Mshale juu ya pistoni uangalie ekzosi.

Cheni mpya, nimeinoa mwenyewe, inakata kwa kupinda kama ndizi. (Msomaji, Kitale)

Meno ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili. Mkono wako wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, kama wetu sote. Chukua jino fupi kuliko yote, yafanye mengine yalingane nalo, halafu hesabu: misukumo mitatu ya tupa kila jino, pande zote. Cheni ya 0.404 (kipimo cha viungo vyake kwa inchi) inataka tupa ya duara ya milimita 5.5. Kukata gogo kwa kukingama noa nyuzi 30. Kupasua mbao kwa urefu teremka hadi kama 10. Yale manundu yaliyo mbele ya meno yakae chini ya jino kwa milimita 0.8 hivi. Ukiyashusha zaidi ili cheni ikate haraka, mashine itakurusha.

Isiponyooka bado, tatizo ni upanga (bamba refu ambalo cheni huzunguka): kingo zake zimelika upande mmoja. Ungekuwa unaugeuza kila wiki yasingekupata.

Baba yake watoto ana Stihl 090, anapasua nayo mbao tangu ujana. Asubuhi za baridi vidole vyake vinapauka na kufa ganzi, vifungo vya shati namfungia mimi. Anasema mashine mpya ni za watoto. Je, kuna raba za kuwekwa ili isitetemeke? (Mama, Molo)

Mama, pole. Swali lako si la fundi peke yangu, ila nitajibu la upande wangu.

090 ni injini ya sentimita za ujazo 137, haikimbii sana lakini ina nguvu ya kutisha, na ile ya kawaida imefungwa mishikio moja kwa moja kwenye injini. Kila mpigo wa pistoni unaingia kwenye kiganja. Raba utakayofunga juu ya mpini itamfariji tu. Mashine zilizoundwa kuzuia mtetemo zina mishikio iliyotengwa na injini kwa spring au raba nene tangu kiwandani, na hilo huwezi kuliongeza kwa kipande cha tyubu. Ukiona herufi AV kwenye jina la mashine, ndiyo maana yake. 090 ya kawaida haina breki ya cheni pia.

Anavyovisimulia vidole hivyo ndivyo ugonjwa wa mtetemo unavyoanza: mishipa midogo ya damu na ya fahamu inaharibika. Akiacha mapema, mishipa ya damu inaweza kupata nafuu. Ganzi ikishakomaa, mara nyingi hairudi nyuma. Aende kwa daktari aseme wazi kwamba anashika chenso, kwa sababu asiposema watamtibu baridi yabisi. Akivuta sigara, inambana zaidi mishipa hiyohiyo.

Sasa hapo kwenye “mashine za watoto”. Mwambie kwamba fundi mwenzake wa zamani anatumia Stihl 381, yenye raba na breki, cc 72, na bado anakula mkuyu. Inapasua taratibu kuliko 090, ni kweli. 090 yake asiiuze kwa hasira. Aisafishe, amwage mafuta yote, atie oili kidogo kwenye silinda, aitundike mahali pakavu. Siku ya gogo kubwa lisiloshindwa na kingine, aishushe kwa nusu saa, ampe kijana ashike, yeye asimame pembeni akimwelekeza.