Hasira ikishapita na lawama zikabaki

Pole, dada. Umesema ukitoka kazini unawafokea watoto, kisha usiku unajilaumu mpaka usingizi unaruka. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina namna yake.

Hasira inapopanda, usijilazimishe kutulia, ukiikandamiza inazidi. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, useme kimoyomoyo: "Hii ni hasira, iko kifuani." Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika 2 au 3. Kule kurefusha pumzi inayotoka ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Kama kufumba macho kunakuletea kumbukumbu mbaya, yaache wazi.

Usiku, weka kiganja kifuani ujisemeshe kama ungemsemesha rafiki aliyekosea vilevile: "Umechoka, umekosea, kesho utawaomba radhi." Na kweli uwaombe, maana kujihurumia si kujitetea. Mwanzoni maneno hayo yataonekana ya uongo, hata machozi yanaweza kutoka. Ni kawaida.

Ila huzuni ikizidi wiki 2, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri. Ukianza kuwaza kujidhuru au kuwadhuru watoto, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.