Wakelti wa kale na upanga wa mikono miwili: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kama wapiganaji wa zamani wa Kikelti, yaani wa makabila ya kale ya Ulaya ya kati na magharibi, walitumia zile panga kubwa za kushikwa kwa mikono miwili, kwa sababu unamchora mhusika wa gemu na kila picha unayokuta mtandaoni inamwonyesha Mkelti kifua wazi, upanga mrefu kama yeye umefungwa mgongoni. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu nakupa kwa kuwa mada hii naipenda kupita kiasi, na kwa kuwa naishi London, ambako British Museum haitozi kiingilio, hivyo panga zenyewe nimezitazama mara nyingi.

Anzia kwenye mpini. Pale chumba namba 50 kuna upanga uliofukuliwa Kirkburn, Yorkshire, mwaka 1987, wa kati ya 300 na 200 KK. Wote mzima, kuanzia mpini hadi ncha, ni kama sentimita 70 tu. Mpini peke yake umeungwa kwa vipande 37 vya chuma, bronzi na pembe, ukanakshiwa kwa kioo chekundu. Mwenye upanga alikuwa bado kijana, na waliomzika walimchoma mikuki mitatu kifuani akiwa ameshalazwa kaburini. Huwa nakaa hapo muda mrefu. Ila kwa swali lako, angalia nafasi iliyoachwa ya kushikia: inatosha kiganja kimoja, basi.

Nakala ya upanga wa namna hiyo niliwahi kupewa kuishika kwenye tamasha la watu wanaoigiza vita vya kale. Mpini umebanwa juu na chini, kiganja kinakaa katikati na hakisogei popote. Nilipojaribu kuongeza mkono wa pili, ulikosa pa kushika, ukaishia kwenye kirungu cha mwisho wa mpini na kunizuia kukunja kifundo. Tena haikuwa na haja, maana uzito wake haufiki kilo moja. Mkono mmoja unaurusha na kuurudisha bila taabu.

Kuna watakaokujibu kwamba zilikuwepo panga ndefu kuliko hiyo. Ni kweli. Panga za mwanzo za utamaduni wa La Tène, unaoitwa hivyo kutokana na eneo la kando ya Ziwa Neuchâtel huko Uswisi, zilikuwa na bapa la sentimita 60 hivi. Kufikia karne ya 1 KK baadhi zimefika 80 na hata 90. Lakini bapa lilirefuka, mpini ukabaki vilevile. Msuka wake, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, bado ni wa mkono mmoja.

Sababu kubwa ni ngao, na hapa ndipo wachoraji wengi wanapokosea. Mkono wa kushoto wa Mkelti ulikuwa na kazi tayari. Ngao yake ya kawaida ilikuwa ndefu, ya mbao, ikimfunika kuanzia bega hadi chini ya goti. Ile ya bronzi iliyopatikana mto Witham ina urefu wa zaidi ya mita moja. Kumnyang'anya ngao ili ashike upanga kwa mikono miwili ni kumwacha wazi mbele ya mvua ya mikuki, na mkuki ndio uliokuwa silaha ya wengi. Upanga haukuwa wa kila mtu.

Hata mahali ambapo panga zinatajwa kuwa kubwa sana, ngao ipo. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, akieleza vita vya Mons Graupius huko Uskoti mwaka 83 au 84 BK, anasema Wakaledonia, wenyeji waliopigana na Warumi hapo, walikuwa na panga kubwa zisizo na ncha, pamoja na ngao ndogo. Upanga mkubwa mkono wa kulia, ngao kushoto. Polybius naye, mwanahistoria Mgiriki, anasema panga za Wagauli, yaani Wakelti wa Ufaransa ya leo na Italia ya kaskazini, zilikuwa za kukata, si za kuchoma, na kwamba zilipinda kwa pigo la kwanza hadi mwenyewe azinyooshe kwa mguu. Hilo la kupinda lisikuteke: panga zilizopimwa maabara zinaonyesha ubora uliotofautiana, nyingine chuma laini, nyingine zina makali ya chuma kigumu kizuri kabisa.

Sasa picha zile zimetoka wapi? Zimetoka Uskoti na Ayalandi za karne ya 15 hadi ya 17. Claymore ya Waskoti, yenye urefu wa kama sentimita 140, ni upanga wa mikono miwili kwelikweli. Mwaka 1521 Albrecht Dürer aliwachora askari wa Kiayalandi, na mmoja wao ana upanga wa aina hiyo. Watu hao walizungumza lugha za Kikelti, ndiyo, lakini kati yao na Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli aliyeshindwa na Warumi huko Alesia mwaka 52 KK, kuna zaidi ya miaka 1,400. Kuwachanganya ni kuwadhulumu wote wawili.

Kama gemu lako linahitaji silaha ya kale ya mikono miwili, wachukue Wadakia wa Romania ya leo. Silaha yao iliyopinda kama mundu imechongwa kwenye mnara wa Adamclisi, uliojengwa baada ya vita vyao na Trajan, mfalme wa Roma.

Mkelti wako mpe mkuki, ngao ndefu na upanga wenye ala ya chuma. Na usiuweke mgongoni wala nyonga ya kushoto. Weka nyonga ya kulia, ukining'inia kwenye mnyororo, kama mwanahistoria Mgiriki Diodorus alivyoeleza na kama unavyoonekana kwenye sanamu ya mpiganaji wa Vachères huko Ufaransa. Ukikaa hivyo, mkono wa kulia unauvuta moja kwa moja kwenda juu, na ngao haihitaji kusogezwa hata kidogo.