Re: Laptopu ya RAM GB 4, nihamie Linux?

Mkuu umeuliza kama hiyo laptopu yako ya RAM GB 4 inayokwamakwama na Windows 10 itafaa ukiiwekea Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows), itafaa kabisa, weka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, ile yenye muonekano wa Xfce maana ndo nyepesi, alafu Windows 10 yenyewe apdeti zake za bure za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025 sa ukibaki nayo hivohivo unajiweka hatarini. Mi yangu ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka, feni inalia kama mashine ya kusaga, saizi nikibonyeza pawa hata chai sijamaliza kukoroga ishafunguka.

Ila usidhani ni mteremko tu. Siku ya kwanza waifai haikuonekana kabisa, nilihangaika mpaka usiku wa manane ndo nikakumbuka kuchomeka simu kwa waya wa USB nipate intaneti, nikafungua Driver Manager ya Mint nikaweka driva (programu ndogo inayoiwezesha waifai kufanya kazi), ikakubali. Na kama unapokea faili za Word (docx) nyingi za kazini jiandae, ukizifungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, majedwali na fonti saa nyingine vinahama, mi nikirudisha natuma PDF. Photoshop ndo haina toleo la Linux, kama ndo inakulisha usihame.

Kabla hujafuta chochote tengeneza flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, washa laptopu nayo ujaribu bila kuinstoo, uone waifai, sauti na printa vinaitika. Na picha zako fanyia bakapu leoleo tafadhali.