Nina usonji na tumbo halitulii: haya ndiyo yaliyonisaidia

Dada, pole sana. Swali lako limenigusa ndiyo maana najibu kwa kirefu. Umesema uligundulika kuwa na usonji (autism) ukiwa mtu mzima, na tangu utotoni tumbo halijatulia: mara hupati choo siku nyingi, mara unaharisha bila kula kitu kibaya, halafu gesi na kiungulia. Daktari wa kwanza amekuambia ni wasiwasi tu. Nyumbani wanakusukuma uache ngano na maziwa. Sasa una miadi kwa daktari mwingine na hujui utamweleza nini. Mimi pia nina usonji na tumbo la namna hiyo nimeishi nalo miaka yote. Si daktari. Naandika niliyoyapitia na niliyoyasoma nikitafuta nafuu.

Kwanza kabisa, hujisingizii. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Pediatrics, ulionyesha kwamba uwezekano wa watoto wenye usonji kuwa na dalili za tumbo ni zaidi ya mara nne ukilinganisha na watoto wengine, na zinazojitokeza zaidi ni kukosa choo, kuharisha na maumivu. Hata Leo Kanner, daktari wa akili aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo kueleza usonji, kwenye makala yake ya mwaka 1943 kuhusu watoto 11, alitaja kwamba baadhi yao walisumbua kulishwa tangu wakiwa wachanga. Yeye alilieleza kama mtoto kukataa kuingiliwa na ulimwengu wa nje. Tumbo lilikuwepo kwenye habari hii tangu mwanzo, ila lilisomwa kama tabia, na wengi wetu bado tunasomwa hivyo hivyo.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote ni hili: tumbo lako linaweza kuwa linaumwa na wewe usijue kwamba ni tumbo. Taarifa kutoka ndani ya mwili, yaani njaa, kiu, kibofu kujaa, haja kubwa, kichefuchefu, kwa wengi wenye usonji hazifiki kama zinavyofika kwa watu wengine. Zinachelewa, au zinakuja zote kwa pamoja kwa kishindo, au zinafika bila kusema zimetoka wapi. Mimi tumbo likichafuka sisikii "tumbo linauma". Ninachosikia ni kwamba taa imekuwa kali mno, nguo inanikera shingoni, na mtu akinisemesha natamani kulia. Miaka mingi hali hiyo iliitwa hasira, mimi mwenyewe nikiamini hivyo.

Aliyenifungua macho ni dada yangu. Aliona kwamba kuna siku nikisimama mezani naegemeza tumbo kwenye ukingo wa meza na kulikandamiza, mikono ikiendelea na kazi yake kama kawaida. Nikikaa, navuta magoti kifuani au nabana mto tumboni. Najikohoza na kumeza mate mara kwa mara bila kuwa na mafua. Kisha naacha kuongea. Alipoanza kunitajia siku hizo, tukaona zinaangukia kila mara kwenye kipindi ambacho sijapata choo, na nikishapata, taa inarudi kuwa taa ya kawaida. Baadaye nikakuta kwamba jopo la wataalamu waliotoa mwongozo mwaka 2010, pia kwenye Pediatrics, walitaja alama za namna hiyo hiyo: kukandamiza tumbo, kukaa mikao isiyo ya kawaida, kumeza mate, kujikohoza, kukosa usingizi, kujiumiza, hasira za ghafla. Walisema tabia ikibadilika ghafla kwa mtu mwenye usonji, tumbo liwe mojawapo ya mambo ya kuchunguzwa, na kwamba uchunguzi wake uwe kamili kama wa mtu mwingine yeyote. Hilo la mwisho lishike vizuri, utalihitaji chumba cha daktari.

Ndiyo maana nakushauri uache kujiuliza kama linauma, uangalie vitu vinavyoonekana kwa nje. Weka daftari dogo au tumia simu. Andika siku uliyopata choo na kilikuwaje. Kwa hilo kuna chati ya Bristol, iliyotengenezwa na madaktari wa mji huo wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1997. Ina aina 7 zenye picha. Ya 1 na ya 2 ni vipande vidogo vigumu vilivyotengana au kigumu chenye mabonge, maana yake choo kimekaa sana ndani. Ya 3 na ya 4 ndizo nzuri, na ya 6 na ya 7 ni laini mno hadi maji. Kwangu chati hii imekuwa msaada mkubwa kwa sababu hainiulizi ninavyojisikia. Natazama, naandika namba, basi. Pembeni ongeza usingizi ulikuwaje, kama uliacha kuongea, kama ulikula.

Sasa hilo la kukosa choo kisha kuharisha. Kabla hujaamini kwamba una magonjwa mawili, muulize daktari kama si kitu kimoja. Choo kikikaa muda mrefu kwenye utumbo mpana kinakauka na kuwa bonge. Kinachotoka juu yake bado ni majimaji, kinapenya pembeni ya bonge na kuvuja. Mtu anadhani anaharisha, anameza dawa ya kufunga, na bonge linazidi kukaza. Utumbo ukitanuka muda mrefu, hisia ya kubanwa inapungua zaidi, na sisi ambao hisia hiyo ilikuwa hafifu tangu mwanzo tunapoteza hata ile kidogo. Tiba yake inasimamiwa na daktari: kwanza kuondoa kilichoziba, kisha dawa ya kulainisha choo kama makrogoli au laktulozi kwa muda wa kutosha, mara nyingi miezi, hadi utumbo urudi kwenye hali yake. Watu wengi huacha dawa wiki wanayopata nafuu na tatizo linarudi. Uliza mapema utatumia hadi lini na utapunguza vipi.

Upande wa mazoea, kilichonibadilishia maisha ni ratiba. Kwa kuwa siwezi kutegemea kubanwa, nakwenda chooni kwa saa. Baada ya kula, utumbo mpana husukuma wenyewe, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi asubuhi. Kwa hiyo nikishakunywa kifungua kinywa nasubiri kidogo, kisha nakwenda kukaa, nibanwe nisibanwe, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, sijikamui. Kama choo ni cha kukaa, kigoda chini ya miguu kinatosha. Na usidharau chumba chenyewe. Wengi wetu tunajizuia kutwa nzima kwa sababu ya harufu, mwangwi, taa inayometa, au mashine ya kukaushia mikono inayonguruma ghafla. Ukijizuia kila siku, huko nako ni kufunga choo. Mimi hubeba viziba masikio na karatasi yangu mwenyewe, na kazini niliomba nitumie choo kilicho mbali na watu. Niliomba kwa barua fupi, sikueleza mengi, nikakubaliwa.

Kuhusu chakula nitasema kwa uangalifu kwa sababu najua unavyoumizwa na maneno. Kula vyakula vichache vilevile kila siku si kudeka. Kwa mtu ambaye ulaini wa ndizi iliyoiva kupita kiasi unaweza kumtapisha, chakula kinachotabirika ndicho kinachomfanya ale. Ila ukweli mwingine nao upo: vyakula hivyo vichache mara nyingi havina nyuzinyuzi, na tumbo linalipa. Usianze kwa kuondoa kitu. Anza kwa kuongeza kimoja kidogo kilicho karibu kabisa na unachokubali tayari, rangi ileile na ugumu uleule mdomoni. Ongeza nyuzinyuzi polepole pamoja na maji, maana ukiziongeza kwa pupa gesi itakutesa. Kama bonge bado limeziba, subiri litolewe kwanza. Na kama orodha ya unachoweza kula inazidi kufupika na uzito unashuka, mwambie daktari waziwazi. Kuna hali ya kuepuka chakula isiyohusiana kabisa na kutaka kukonda. Iliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 2013, na ina msaada wake.

Utasikia pia kwamba bakteria wa tumboni ndio wanaosababisha usonji. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2021 ulipima watoto 247, wakiwemo wenye usonji, ndugu zao na wengine, ukakuta tofauti ndogo za bakteria zinaelezeka zaidi na kula vyakula vichache. Yaani chakula ndicho kinachobadilisha bakteria. Na lile dai la 1998 la Andrew Wakefield lililounganisha chanjo, utumbo na usonji, jarida la The Lancet lililifuta mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Nalitaja kwa sababu limetuumiza mara mbili: watu wakaogopa chanjo, na baadhi ya madaktari wakawa wazito kuzungumzia tumbo la mtu mwenye usonji wasije wakaonekana wanaunga mkono uzushi.

Na tafadhali, kama kuna mtu anakuuzia matone ya "kusafisha utumbo" yenye klorini dioksidi, kimbia. Ile ni dawa ya kung'arishia nguo na karatasi viwandani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010 na tena 2019 kwamba ikinywewa huleta kutapika, kuharisha kwa nguvu na shinikizo la damu kushuka hadi hatari ya maisha. Watoto wenye usonji wamepewa kitu hiki na wazazi waliokuwa wakitafuta msaada. Inaniuma kila nikiliandika.

Sasa miadi yako. Mimi niliwahi kuulizwa, "Maumivu ni ya kuchoma, kusokota au kukata? Kwenye moja mpaka kumi ni ngapi?" Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu la kweli. Daktari akaandika wasiwasi na kunirudisha nyumbani. Tangu hapo naingia na karatasi ya ukurasa mmoja na kumkabidhi kabla sijakaa. Juu kabisa: "Nina usonji. Sisikii maumivu ya tumbo kama wengine, kwa hiyo nimeandika kinachoonekana." Chini yake namba za chati, siku bila choo, usingizi, uzito, na ninachoshindwa kufanya: siwezi kuinama kufunga viatu, niliacha kula jioni, nilishindwa kuongea mchana mzima. Kisha dawa zote ninazotumia, maana dawa nyingi tunazopewa hugusa tumbo. Baadhi za wasiwasi na sonona huleta kichefuchefu au kuharisha, za kusaidia umakini hukata hamu ya kula, vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Mwisho naandika swali moja: "Kama nisingekuwa na usonji, mngenipima nini?" Daktari wa sasa alisoma swali hilo, akaweka kalamu chini, akaagiza vipimo vya damu na choo siku hiyohiyo.

Wasiwasi unaweza kuwepo kweli, sikatai. Utumbo una mishipa yake ya fahamu mingi mno na unaongea na ubongo saa zote, hivyo ukiwa na hofu tumbo linajua. Lakini mtu anaweza kuwa na wasiwasi na bado akawa na vidonda vya tumbo. Na kuna dalili ambazo hazisubiri miadi wala maelezo ya wasiwasi: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kutapika mfululizo, homa, kuamshwa usingizini na tumbo, au tumbo kuvimba na kukaza huku hutoi hata hewa. Hizo nenda siku hiyohiyo, na mwambie mtu wa nyumbani azijue, maana siku hiyo huenda wewe ndiye utakayekuwa wa mwisho kuzihisi.

Kuhusu ngano: usiiache kwa sasa, hata kama nyumbani wanashinikiza. Kuna ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, yaani protini iliyo kwenye ngano, huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, na unapimwa kwa damu. Kipimo hicho kinasoma vizuri pale tu unapoendelea kula ngano, kila siku kwa angalau wiki 6 kabla. Ukiiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Na kwa mtu asiye na ugonjwa huo, ushahidi kwamba kuacha ngano na maziwa kunasaidia usonji bado ni dhaifu, na ungepoteza vyakula unavyovikubali. Maziwa nayo yapimwe kivyake, kwa sababu kushindwa kumeng'enya laktozi, yaani sukari ya maziwa, ni jambo la kawaida kwa watu wazima, na dalili zake ni hizohizo za gesi na kuharisha. Endelea na mkate wako hadi damu itolewe. Ukitaka, niandikie unachotaka kumwambia daktari vyovyote kitakavyokuja, hata kikiwa hakijapangwa, nami nitakusaidia kukiweka kwenye ukurasa mmoja kabla ya siku ya miadi.