Mnaoniuliza kwanini nafundisha wakimbizi Kiingereza huku Marekani

Mdogo wangu mmoja wa Mbagala, na yeye ni mwalimu wa sekondari, ameniuliza hivi: "Dada umetoka Dar umefika Marekani, ualimu tena wa nini, tena wa wakimbizi, si ubebe maboksi upate hela ya kiwanja?" Na wengi mmemuunga mkono, basi nawajibu wote kwa pamoja na nasema ukweli mtupu.

Maboksi nabeba. Niko Lexington, Kentucky, nilikuja kwa ile loto ya green card, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, usiku nipo kwenye ghala na jioni kabla ya shifti nafundisha watu wazima. Huu ualimu unalipwa kwa saa, masaa yenyewe machache, bima ya afya hakuna, darasa likifungwa kipindi cha joto na hela inafungwa. Ukitaka shule za serikali za watoto mpaka leseni ya jimbo, bado naihangaikia. Na mdogo wangu kama unawaza kuja kwa njia hii nisikudanganye, viza ya kuja kufundisha watu wazima Kiingereza ni ngumu mno, usiache kazi kwa ajili hiyo.

Kilichonivuta ni watu wenyewe. Hapa Wakongo ni wengi, wa Fizi, wa Uvira, wa Bukavu, na wengi wamepitia Nyarugusu pale Kigoma, kambi iko tangu 1996 kwahiyo kuna vijana wamezaliwa mle mle wakaja huku wakubwa. Kiswahili unakisikia supamaketi, kanisani, kwenye basi. Sasa mtu huyu alipotua, ule msaada wa mapokezi ulikuwa wa siku 90, na nauli ya ndege iliyomleta ni mkopo anatakiwa alipe kidogo kidogo. Yaani hajaweza hata kusema anaumwa wapi tayari ana deni na kodi inamsubiri, anaingia kiwandani hivyo hivyo.

Nilikuwa kliniki nikaona mtoto wa darasa la nne hivi anamtafsiria mama yake majibu ya vipimo, mambo ya kizazi kabisa, mtoto anatafuta maneno hana, mama kainama hataki kumwangalia mwanae. Iliniuma sana. Na hospitali inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa imtafutie mgonjwa mkalimani bure, hiyo inatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964, ila yule mama hakujua na hata angejua angeombaje? Nikaenda kujitolea, baadaye ndo wakaanza kunilipa. Mpaka leo sentensi ya kwanza ninayofundisha, kabla hata ya salamu, ni ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ya pili ni kutaja unapokaa ukipiga 911, namba ya dharura ya huku.

Kingine ni form one, na hapa wote mliosoma kata mtanielewa. Darasa la saba hesabu unaongoza, sayansi unaongoza, unaingia sekondari kila kitu Kiingereza, wewe uliyekuwa unanyoosha mkono kila dakika unakaa kimya, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Mimi nilivalishwa. Nikasoma ualimu DUCE pale Chang'ombe, nikafundisha, nikaona watoto wenye akili zao wanaitwa wazito kisa lugha tu. Huku nimekuta watu wazima wako vile vile, nesi aliyezalisha wanawake Uvira, fundi boti wa Ziwa Tanganyika, wanaongeleshwa kwa sauti kubwa na polepole kama watoto. Siwezi kulivumilia hilo. Darasani kwangu Kiswahili ruksa, uliza kwa Kiswahili, bishana kwa Kiswahili, afu tunahamia Kiingereza pamoja.

Na kuna vitu mwalimu Mmarekani hata awe mzuri vipi anachelewa kuvigundua. Karatasi ya miadi imeandikwa 2:00, mama anafika saa mbili asubuhi, anakaa anakaa anachoka anaondoka, huko anaandikiwa hakutokea. Mbongo yeyote anajua kosa limetokea wapi, kwahiyo saa tunaisoma wiki nzima, na tarehe pia maana huku wanaanza na mwezi.

Wagumu zaidi ni wale ambao vita haikuwaacha wasome kabisa, kushika penseli ndo mara ya kwanza, na sikubali mtu aseme hao hawafundishiki. Kuna mama wa aina hiyo, baridi kali hita ikamharibikia, akampigia mwenye nyumba mwenyewe bila mtoto bila jirani, kisha akanipigia mimi kunisimulia kwa Kiswahili neno kwa neno alivyombana! Nilifurahi siku nzima.

Sasa hivi nina wawili wanaojiandaa na intavyuu ya uraia, green card zao zimetimiza ile miaka 5, na intavyuu ni kwa Kiingereza, wanaosamehewa ni wazee waliokaa na green card miaka mingi zaidi na wenye matatizo ya kiafya. Mmoja ni yule fundi boti. Tunafanya mazoezi Jumamosi akitoka shifti, anayajua majibu vizuri ila akiulizwa haraka anaganda, kwahiyo kwa sasa tunafanyia kazi kitu kimoja tu, kumwomba afisa arudie swali, maana inaruhusiwa.